Kutoka Madrid kwenda Segovia: usipange kwa dakika za treni peke yake

Wageni wengi ninaowapangia safari za Hispania huja wakiwa wameshaamua: wakifika Madrid watapanda treni ya mwendo kasi kwenda Segovia, kwa sababu wamesoma kwamba ni chini ya nusu saa. Ni kweli kabisa. Treni inatoka stesheni ya Chamartín, inazama kwenye handaki la kilomita 28 chini ya milima ya Guadarrama, na mara umefika. Handaki hilo lilianza kutumika Desemba 2007. Lakini muda huo ni wa stesheni hadi stesheni. Mimi hupima kuanzia mlango wa hoteli mpaka pale mguu unapokanyaga mji wenyewe, na hesabu hiyo hutoa jibu jingine.

Tuseme umefikia karibu na Puerta del Sol, katikati ya Madrid, kama wageni wengi. Chamartín iko kaskazini mwa jiji. Kwa metro ya namba 1, ukihesabu na kutembea ndani ya stesheni, tenga nusu saa. Treni za mwendo kasi za Hispania zina ukaguzi wa mizigo kwa mashine, na geti hufungwa dakika chache kabla ya kuondoka, hivyo lazima uwahi. Halafu unashuka Segovia-Guiomar, na hapo watu hushangaa: ukitoka nje, unaona uwanda mtupu. Mji uko kilomita kadhaa kutoka hapo. Basi la mjini namba 11 linakupeleka mpaka kwenye mfereji wa maji wa Kirumi, ule uliojengwa juu ya matao ya mawe. Likikupita, ni kusubiri au kulipa teksi. Ukijumlisha yote, umetumia karibu saa mbili.

Sasa tazama basi. Kutoka Sol unapanda metro ya namba 3 moja kwa moja hadi Moncloa, bila kubadilisha. Kituo cha mabasi kiko palepale chini. Safari ni saa moja na robo hivi, na basi linakushusha ndani ya mji wa Segovia, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kufika kwenye mfereji. Muda ni uleule, nauli ni ndogo, na njiani unaona milima badala ya giza la handaki. Kwenye ratiba tafuta lililoandikwa directo, yaani la moja kwa moja, kwa maana mengine husimama vijijini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyelala katikati ya jiji ni basi. Treni naichagua kwa anayelala upande wa kaskazini, kwa mwenye kutapika kwenye magari, na kwa anayetoka moja kwa moja uwanja wa ndege wa Barajas: pale T4, jengo la nne la abiria, kuna treni za mjini, C-1 na C-10, zinazokwenda Chamartín bila kuingia katikati ya jiji. Ukishukia T1, kuna basi la bure la kukupeleka T4.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kulala Segovia angalau usiku mmoja. Makundi ya watalii wa siku moja huingia saa tano asubuhi na kuondoka jioni. Wakishaondoka, mji unarudi kwa wenyeji wake: wazee wanatembea polepole Calle Real, watoto wanacheza mpira Plaza Mayor hata usiku. Uwanja huo ndio eneo ambako Isabel alitangazwa malkia wa Castilla mwezi Desemba 1474, na kanisa kuu lililo pembeni yake lilianza kujengwa 1525, baada ya lile la zamani kuharibiwa katika vita vya Comuneros, uasi wa miji ya Castilla dhidi ya mfalme wao.

Mfereji wa maji uutazame mara mbili, asubuhi na usiku. Matao yake yanafikia kimo cha mita 28 pale Plaza del Azoguejo, na mawe yale ya matale yamepangwa bila chokaa wala saruji. Yanashikana kwa uzito wake tu, tangu enzi za Warumi. Panda ngazi zilizo kando yake uone jinsi mstari wa matao unavyovuka bonde. Kisha nenda ngome ya Alcázar, lakini usiishie ndani. Shuka hadi mtoni Eresma, kwenye nyasi za San Marcos, uitazame kutoka chini. Wengi hawafiki huko kwa kuwa njia ni ya mteremko na kurudi ni kupanda.

Chakula kinahitaji maandalizi kwa Waislamu na kwa yeyote asiyekula nguruwe. Segovia inasifika kwa cochinillo, mtoto wa nguruwe wa kuoka, na utamwona kwenye vioo vya mikahawa. Wanaoponzwa ni wale wanaoagiza judiones, maharage makubwa meupe, wakidhani ni chakula cha mboga. Kwa kawaida hupikwa na nyama ya nguruwe ndani. Sema mapema "sin cerdo", yaani bila nguruwe, na uulize hata kuhusu supu. Samaki wa trauti hupatikana, na saladi. Chakula cha mchana ni kuanzia saa nane. Ukienda saa sita utakuta jiko bado.

Mji uko kwenye kimo cha kama mita 1,000, juu kuliko Madrid. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa abebe koti zito kuanzia Novemba hadi Machi, na sweta hata mwezi Mei. Sanduku kubwa liache hotelini Madrid, kwa sababu barabara za mji mkongwe ni za mawe na ni za kupanda. Pasipoti usiiache: hoteli wataiomba. Na kama unaomba viza ya Schengen, usiku wa Segovia uonekane kwenye hoteli unazoambatisha.

Ukiwa na siku ya pili, nenda La Granja de San Ildefonso, kilomita 11 tu kwa basi. Mfalme Felipe V wa Hispania alianza kujenga kasri lake huko mwaka 1721. Chemchemi za bustanini hurusha maji bila pampu yoyote, kwa nguvu ya maji yanayoteremka kutoka bwawa lililo juu. Hazifunguliwi kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kwanza. Na Jumatatu kasri hufungwa.

Kurudi Madrid Jumapili jioni ni habari nyingine. Barabara ya A-6 hujaa wakazi wa jiji wanaorejea kutoka mapumziko, na basi hukwama nao. Siku hiyo nawakatia wageni wangu treni, tena mapema, maana viti huisha.