Je, wajua kwa nini Blondie aliozwa mwaka 1933?

Anayesoma katuni ya Blondie leo humkuta mke mwenye busara, watoto wawili, na mume mlafi ambaye kila asubuhi anachelewa kazini. Lakini ilipoanza kutoka katika magazeti ya Marekani, tarehe 8 Septemba 1930, Blondie alikuwa binti mpenda starehe. Jina lake la ukoo lilikuwa Boopadoop, na hakuna mzazi tajiri ambaye angefurahi kuletewa mkamwana wa namna hiyo.

Mchoraji wake, Chic Young, alimchukua msichana ambaye tayari kila mtu alimjua. Katika miaka ya 1920 miji ya Marekani ilijaa mabinti walioitwa flapa: nywele wamezikata fupi, gauni limepanda hadi magotini, sigara wanavuta hadharani, na jazi wanaicheza hadi usiku wa manane. Wengi walikuwa na mshahara wao wenyewe. Mwaka 1920 katiba ya nchi ilikuwa imepiga marufuku kumnyima mtu kura kwa sababu ni mwanamke. Magazeti yakampenda msichana huyu. Katuni ya Fritzi Ritz, binti wa aina hiyo, ilianza mwaka 1922, na mwaka 1925 ikaja Flapper Fanny, kazi ya Ethel Hays, mwanamke aliyejichorea wanawake wenzake kwa mkono mwepesi ajabu. Young mwenyewe alikuwa ameanza kuchora katuni ya Dumb Dora mwaka 1924.

Tatizo la Blondie ni kwamba alichelewa kufika. Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka Oktoba 1929, karibu mwaka mzima kabla hajazaliwa. Na mchumba wake, Dagwood Bumstead, alikuwa mrithi wa tajiri wa reli, kijana ambaye hajawahi kutoka jasho kwa ajili ya mkate wake. Kufikia 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Mtu aliyetoka kupanga foleni ya supu ya bure atamchekea vipi kijana anayezichezea fedha za baba yake? Wasomaji wakaanza kuipa kisogo katuni hiyo.

Young akapata dawa ambayo mimi naiona kuwa ya kijasiri kuliko zote katika historia ya katuni. Januari 1933 Dagwood alitangaza kwamba hatakula chochote mpaka wazazi wake wamruhusu kumwoa Blondie. Kwa kuwa katuni ilitoka kila siku, wasomaji walimfuatilia akidhoofika kitandani toleo baada ya toleo. Mfungo wake ulihesabiwa hadi sekunde: siku 28, saa 7, dakika 8 na sekunde 22. Wazazi wakasalimu amri, lakini wakamnyima urithi. Harusi ikafungwa tarehe 17 Februari 1933, na maharusi wakaingia maisha bila senti ya mzee Bumstead, sawa na mamilioni ya wasomaji wao. Dagwood akaenda kuajiriwa kwa bosi mkali, bwana Dithers, na mwaka 1934 wakapata mtoto wa kwanza.

Hapo ndipo panaponivutia zaidi. Kabla ya ndoa, aliyechekwa ni Blondie, binti anayedhaniwa hana akili. Baada ya ndoa kicheko kilihamia kwa mume: yeye ndiye anayemgonga tarishi mlangoni akikimbilia kazini, yeye ndiye anayeamka usiku kujijengea sandwichi ndefu kama mnara. Blondie akawa mshika bajeti na mwamuzi wa nyumba. Alipoteza usiku wa jazi, ni kweli, na nafikiri hasara hiyo si ndogo. Lakini akili yake ilianza kuheshimiwa.

Fritzi Ritz hakubahatika hivyo. Mwaka huohuo wa 1933 aliletewa mpwa mdogo, Nancy, na mtoto huyo akapendwa mno hata mwaka 1938 katuni nzima ikapewa jina lake, shangazi akabaki pembeni.

Blondie alibaki kichwa cha katuni yake. Mwaka 1991, chini ya Dean Young, mwana wa mchoraji wa kwanza, yeye na jirani yake Tootsie walifungua biashara ya kupikia watu vyakula vya sherehe, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa yake akawa na kipato chake mwenyewe.