Picha za kuchapa za makabaila: ni nini, na ziliwafanyia nini wenyewe

Picha ya kuchapa ya kabaila ni sura ya mtu wa ukoo mkubwa iliyochongwa kwenye bamba la shaba, ikapakwa wino na kutolewa nakala nyingi za karatasi. Mchoro wa rangi za mafuta ulikuwa mmoja tu, umetundikwa ndani ya jumba la mwenyewe. Nakala za karatasi ziliwekwa kwenye madirisha ya maduka ya London, na hata asiye na senti alisimama akazitazama bure.

Katika karne ya 18 Waingereza walipenda zaidi mbinu ya mezotinti. Fundi hukwaruza bamba zima kwa chuma chenye meno madogo. Ukilichapa hivyo linatoa weusi mtupu. Kisha hulainisha pale anapotaka mwanga uingie: shavu, bega, mkunjo wa hariri. Ndiyo maana mavazi ya kifahari yanapendeza sana humo. Ila bamba huchakaa upesi na nakala za mwisho hupauka, kwa hiyo wenye fedha waligombea zile za mwanzo.

Usipuuze maandishi ya chini. Hapo ndipo cheo kinapotajwa, pengine na nembo ya ukoo, pamoja na majina ya mchoraji na mchongaji. Tangu sheria ya 1735, mchapishaji aliyetaka kulindiwa haki yake aliandika pia jina lake na tarehe.

Tazama akina Gunning, Maria na Elizabeth, mabinti waliotoka Ireland wakiwa na uzuri mwingi na mali kidogo. James McArdell alichonga sura zao, zikauzwa madukani. Mwaka 1752 Elizabeth aliolewa na Duke wa Hamilton, na Maria na Earl wa Coventry (Duke na Earl ni vyeo vya makabaila). Sisemi kwamba karatasi ndiyo iliyowaoza. Uzuri wao ulikuwa umeshavuma mjini. Lakini uvumi ulipata sura ya kununulika.

Tatizo la makabaila ni kwamba duka halikuchagua mteja wala sura. Mwaka 1759 Joshua Reynolds alimchora Kitty Fisher, hawara maarufu wa matajiri, kama Kleopatra, malkia wa Misri ya kale, akitia lulu kwenye kikombe. Edward Fisher akaigeuza kuwa mezotinti. Mchoraji wa watu wakubwa, wino uleule, na mkao ambao mke wa Duke asingeuonea haya.

Pengine ndiyo sababu kasisi James Granger alipokusanya orodha ya picha za Waingereza mwaka 1769 aliwapanga kwa madaraja 12: wafalme juu, na chini kabisa watu wa hali ya chini waliojulikana kwa jambo moja tu, kama vile kuishi miaka mingi mno au kuhukumiwa kwa uhalifu. Wakusanyaji waliifuata orodha hiyo kwa pupa. Bei zikapanda, na baadhi yao wakafikia kung'oa picha kwenye vitabu vya zamani ili wajaze vyao.