"Mwache, Atasoma Mwenyewe": Dhana Potofu Ninazozisikia kwa Wazazi Wanaosomeshea Nyumbani

"Mwalimu, kwani kuongea alifundishwa na nani?"

Mwezi huu nimeulizwa hivyo mara tatu, na kila muulizaji alitabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Mtoto wake ana miaka minane au tisa, katolewa shule zamani, na ukimwandikia "samaki" anakutazama wewe badala ya kulitazama neno. Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi kabla ya kuanza kuwashauri wazazi wa hapa Mombasa wanaolea watoto bila shule. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ugomvi wangu ni na swali hilo.

Dhana: Kusoma kutakuja kwenyewe, kama kuongea kulivyokuja.

Hakutakuja. Hakuna jamii ya watu isiyo na lugha, lakini maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi tu, na jamii nyingi ziliishi bila kuyajua. Mtoto anazaliwa tayari kuongea. Herufi ni kitu kilichobuniwa na watu, na kilichobuniwa huonyeshwa. Wapo watoto waliosoma "wenyewe", nami nimewaona wawili watatu. Ukidadisi kidogo, unamkuta nyanya aliyekuwa akimsomea kila usiku na kumwonyesha M kwenye paketi ya unga. Huyo nyanya ni mwalimu, hata kama hakulipwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kimeturahisishia kazi. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika: a ya "baba" ndiyo a ya "samaki". Mtoto akishika ma me mi mo mu na ka ke ki ko ku, siku hiyohiyo anasoma mama, kuku, meko, kima. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa darasa la kwanza. Watoto wa Ufini, ambao lugha yao huandikwa inavyotamkwa, walisoma sawasawa maneno 98 ya kawaida katika kila 100. Wa Uskochi, waliokuwa wakisoma Kiingereza, walipata 34. Nasi, tukiwa na lugha inayoandikwa kama ya Wafini, tunamwanzishia mtoto na "one" na "two", kisha tunalalamika kwamba hapendi vitabu. Anza na Kiswahili, dadangu. Kiingereza kitafuata, tena kwa haraka. Nimelisema hili hadi wateja wangu wananitania, na sitaacha.

Dakika ishirini kwa siku zatosha. Kata kadi kwenye maboksi, andika silabi, mwache azipange. Mkiwa kwenye matatu, asome maandishi ya matatu iliyo mbele. Mb, nd, ng' na dh ziache hadi silabi nyepesi zikae.

Na tafadhali msimsingizie John Holt. Huyo Mmarekani alikuwa mwalimu, na ndiye aliyelipa jambo hili la kulea watoto bila shule jina lake la Kiingereza, "unschooling", mwaka 1977 huko Boston. Alitaka mtu mzima awe karibu, ajibu maswali, amfungulie mtoto dunia. Kumwachia tableti kwa muda wa saa sita wewe ukiwa dukani hakumo humo.

Kuna wanaoniletea utafiti wa watu wazima 75 waliokua bila shule, ambao wengi wao waliendelea na masomo ya juu. Ni wa kweli, ila hao walijitolea wenyewe kuhojiwa, na aliyekwama nadra kujitolea. Upo pia utafiti mdogo wa Kanada wa 2011. Humo watoto waliofundishwa nyumbani kwa mpango waliwashinda wa shule, na 12 waliokuwa hawana mpango wowote walikuwa nyuma ya wote. Watoto 12 ni wachache, sitajenga nyumba juu yao. Lakini ukiniletea utafiti mmoja, soma na wa pili.

Mtoto wa miaka mitano au sita akigeuza b na d, usihangaike. Akifika minane, kafundishwa kila siku kwa miezi, na bado hawezi kuunganisha ma na ji, akapimwe macho na masikio kwanza, halafu uliza habari za disleksia, yaani tatizo la kujifunza kusoma. "Bado hajawa tayari" imewapotezea watoto miaka mitatu, minne.

"Atakosa wenzake." Mtoto anayekwenda madrasa na kucheza mpira mtaani hadi magharibi atawakosa vipi? Ninayemhofia ni yule wa pekee kwenye fleti ya Nyali, geti limefungwa, yeye na televisheni. Hapo mzazi ana kazi.

"Lazima ratiba iwe kama ya shule." Kuna baba mmoja alinunua kengele! Kwa mtoto wa miaka saba, saa mbili za kukaa naye ana kwa ana ni nyingi. Hesabu za chenji zipo sokoni Marikiti.

"Bila shule hakuna cheti." IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari, inapokea watahiniwa binafsi, na vituo vipo hapa Kenya. Ni ghali, kwa hiyo weka akiba mapema.

"Sheria haituhusu." Hii hutoka kwenye video za Marekani, ambako majimbo yote 50 yanaruhusu. Uingereza, sheria ya 1996 inasema elimu shuleni au kwa njia nyingine. Ujerumani karibu haiwezekani kabisa. Hapa kwetu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa, na kukaidi ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Najua familia zinazosomeshea nyumbani bila kujificha, lakini anayekwambia hakuna sheria hajaisoma. Muone wakili kabla ya kumtoa mtoto shule, na uwe na daftari lenye tarehe na alichojifunza. Chifu akibisha hodi, mpe daftari hilo, kisha mwite mtoto amsomee ile barua aliyokuja nayo.