Nguruwe wakizaliwa na kasoro, jike si mkosaji peke yake

Kwa wafugaji wengi wa Muheza na Korogwe, jike akizaa mtoto asiye na tundu la haja kubwa, au mwenye ngiri ya korodani, huuzwa upesi. Dume hubaki bandani, na hapo ndipo kosa linapokua. Kasoro hizi hutokana na vinasaba vingi vya baba na mama, hata wazazi wenyewe wakiwa wazima kabisa. Tena dume hueneza zaidi: jike huzaa takriban mara 2 kwa mwaka, dume la kuazimana hupanda majike ya kijiji kizima.

Kasoro ikiwa ya kinasaba kimoja fiche, yaani kisichojionyesha mpaka kirithiwe kwa baba na mama pia, wabebaji wawili wakipandana, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa nayo. Ndugu zake walio wazima, 2 kati ya 3 huibeba kimyakimya! Kwa hiyo usibakize watoto wa uzao huo kwa ajili ya kuzalisha, na mwondoe dume kabla binti zake hawajafika miezi 5, asije akawapanda.

Si kila kasoro ni ya damu, lakini. Katika miaka ya 1930 huko Texas, Marekani, mtafiti wa mifugo Fred Hale alionyesha kwamba jike aliyekosa vitamini A huzaa watoto wasio na macho. Jike anayelishwa pumba tupu apewe majani mabichi kila siku, kuanzia kabla ya kupandwa.