Kiki ni nini, na kwa nini humpita mwenye kipaji

Juzi kwenye daladala, kijana aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa anaangalia klipu ya wasanii wawili wakirushiana maneno. Akairudia mara tatu. Alipoona namtazama akacheka: "Kiki tu hiyo, bro. Ijumaa utasikia ngoma imetoka." Kisha akaicheza tena, akamtumia na mwenzake.

Neno lake ndilo ninalotaka kulieleza. Kiki ni tukio linalotengenezwa, au linalokuzwa kuliko lilivyo, ili jina la mtu litajwe: ugomvi wa kupanga, penzi la mbele ya kamera, pete ya uchumba inayoonekana wiki ile ile albamu inapotoka. Tunasema fulani "anatafuta kiki". Kwenye pikipiki nako kuna kiki, kile chuma unachokanyaga ili injini iwake, na mfano huo unafaa: kiki huwasha, lakini mwendo ni wa mafuta.

Si kila kujitangaza ni kiki. Msanii anayezunguka redioni kusema albamu yake inatoka anatangaza kazi, na ana haki hiyo. Kwenye kiki kazi yenyewe haimo. Ukiutoa ugomvi hubaki na cha kusikiliza. Mchezo huu umetuumiza hadi kwenye lugha: mtaani ukisema "huo ni usanii" watu wanaelewa utapeli. Neno la watu wanaochonga, wanaochora na wanaoimba limekuwa jina la ulaghai, na mimi sijawahi kulizoea.

Ajabu ni kwamba yule kijana alijua kuwa ni kiki, na kujua kwake hakukupunguza chochote. Mtandao unahesabu, haupimi. Aliyetazama kwa mapenzi ni mmoja, aliyetazama kwa dharau ni mmoja, aliyetazama ili akatukane naye ni mmoja. Hesabu hiyo ndiyo anayoiangalia mtu wa matangazo anapotafuta sura ya kuuza sabuni, na promota anapopanga nani apande jukwaani saa sita usiku, watu wakiwa wamejaa.

Maneno yenyewe yanatofautisha mambo haya vizuri kuliko sisi. Maarufu ni ndugu wa maarifa, taarifa na kuarifu. Maana yake ni kinachojulikana, basi. Umaarufu unakaa vichwani mwa watu wengine. Kipaji na kipawa vimetokana na kupa: ni kitu ulichopewa, unacho hata ukiwa peke yako jikoni. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine, na hakuna kanuni inayovilazimisha vikutane.

Je, hukutana kwa kiasi gani? Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha jaribio ninalolirejea mara nyingi. Watu 14,341 walisikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, na waliopenda wimbo waliruhusiwa kuupakua. Baadhi hawakuonyeshwa wenzao wamepakua nini. Wengine waligawanywa katika makundi 8, na kila kundi likaona hesabu zake lenyewe. Wimbo mmoja uliokuwa wa 26 kwa wale waliosikiliza bila kuona hesabu ulishika nafasi ya kwanza katika kundi moja, na ya 40 katika jingine. Wimbo ule ule! Waliotangulia kuupakua ndio waliowavuta waliofuata. Nyimbo nzuri kabisa zilianguka kwa nadra, na mbovu kabisa zilipanda kwa nadra. Hapo katikati, ambapo wasanii wengi wapo, lolote liliwezekana. Kiki inafanya biashara hapo katikati. Inanunua wale watangulizi.

Ndiyo maana ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, siikubali nzima nzima. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, mwimbaji wa taarab, kabla hajajulikana alikuwa akitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake. Alikuwa akinadi njiani, na watu wakaisikia sauti kabla hawajaviona vyungu. Kizuri kilitembezwa, tena kwa miguu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikaenea pwani yote. Wenye wivu wakamtungia kejeli kwamba kaja mjini na kaniki, kama si sauti angekula nini. Walikusudia kumtusi, kumbe wanamshuhudia. Swali lao ni kipimo kizuri hadi leo: mwondolee mtu sauti yake, au kalamu yake, uone kama anaanguka. Wapo mastaa ambao ukiwaondolea sauti hakitapungua kitu.

Wapo pia wenye vyote viwili, na hao sina ugomvi nao hata wakipiga kiki kila mwezi. Uchungu wangu uko kwa wale ambao hawafiki hata mlangoni.

Mtaani kwetu kuna mama anakaanga vitumbua. Miaka miwili iliyopita alijikusanyia fedha, akaenda studio na wimbo wake mwenyewe. Kabla hajaimba hata mstari mmoja aliulizwa ana followers wangapi. Simu yake ni ya tochi. Akaambiwa arudi akishajulikana kidogo, akarudi nyumbani na wimbo wake.

Siku hizi anauimba alfajiri huku akigeuza vitumbua kwa kijiti, taratibu, kimoja baada ya kingine. Wateja wake wa kwanza ni vijana wa bodaboda. Wakifika pale kwenye kona huzima injini, wanasukuma pikipiki kwa mkono hadi kibarazani, ili wasimkatize.