Umehitimu udaktari wa meno: kabla ya kuchagua ubingwa, subiri kazi yako irudi

Kila msimu wa mahafali swali huwa lilelile: "Daktari, nisomee ubingwa gani?" Mimi ni bingwa wa matibabu ya mizizi ya meno, kwa hiyo wengi wanategemea nitawavutia upande wangu. Sifanyi hivyo. Huwauliza kwanza: umeshawahi kumwona mgonjwa wako mwenyewe akirudi na jino ulilolitibu miaka miwili iliyopita?

Karibu wote hawajawahi, na hawana kosa. Chuoni mwanafunzi huziba jino, mwalimu akalikagua, alama ikaandikwa, na mgonjwa akirudi baada ya mwaka anaketi kwenye kiti cha mwanafunzi mwingine. Katika mafunzo tarajali mambo ni hayohayo, maana unahamishwa kutoka idara moja kwenda nyingine kabla kazi yako haijapata muda wa kuharibika. Ndiyo maana daktari mpya anaweza kuwa na mkono mzuri na cheti kizuri, na bado asijue ni kazi ipi anayoiweza.

Nilipohitimu nilitaka upasuaji wa kinywa na taya, bila shaka yoyote. Nilikuwa nang'oa magego ya mwisho yaliyolala ndani ya mfupa haraka kuliko wenzangu, na watu wakanisifu, nami nikadhani sifa ni wito. Nafasi ya masomo ilichelewa, nikaajiriwa kwenye kliniki ya kawaida ambako daktari mmoja anafanya kila kitu: kuziba, kung'oa, kusafisha ukoga uliogandamana, meno bandia, watoto wanaolia. Nilikaa pale zaidi ya miaka miwili. Niliihesabu miaka hiyo kuwa ya kungoja tu, kumbe ndiyo iliyonifundisha.

Katika mwaka wa pili alirudi mama mmoja ambaye nilimtibu mizizi ya gego la kwanza la juu. Eksirei ya siku ile ilikuwa safi na nilijipongeza. Sasa fizi imevimba, na eksirei mpya inaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, dalili ya maambukizi kwenye mfupa. Mzizi wa mbele, upande wa shavu, wa gego lile mara nyingi una mifereji miwili, yaani njia nyembamba za ndani ya mzizi, si mmoja. Nilikuwa nimesafisha mmoja. Wa pili nilikuwa nimeufungia bakteria ndani yake. Nililifungua jino upya, daktari mkubwa wa pale akiwa pembeni yangu, na baada ya muda mrefu wa kukwangua sakafu ya jino kidogo kidogo, faili, ile sindano nyembamba ya kusafishia mfereji, ikazama. Nilipoinua kichwa ilikuwa imepita saa moja na nusu. Sikuwa nimechoka, na nilitamani lije jino jingine kama lile.

Nikakumbuka hali yangu baada ya siku za upasuaji. Nilichokipenda kule ni kwamba mambo yanakwisha: jino liko kwenye sahani, mgonjwa ameondoka. Tatizo likitokea baadaye nililiona kama mtu ameniingilia. Mwenye wito wa upasuaji hana moyo huo. Nafurahi sikukubaliwa mapema.

Tangu hapo naamini kwamba ubingwa huchaguliwa kwa kuangalia makosa yake, yaani yale ambayo uko tayari kukaa nayo miaka 30. Kila tawi lina namna yake ya kushindwa, na kushindwa huko kuna saa zake. Katika upasuaji, habari mbaya huja haraka: damu isiyokatika usiku, maumivu makali ya tundu lililopoteza donge la damu siku ya tatu baada ya kung'oa, mdomo wa chini uliobaki na ganzi kwa sababu neva inayopita ndani ya taya imeguswa. Simu italia saa usiyoitaka, na itabidi uende.

Katika kupanga meno, kosa linakungoja miaka. Unamaliza matibabu, picha zinapendeza, kijana anaacha kuvaa kifaa cha kuyashikilia meno, na baada ya muda meno ya mbele yanaanza kurudi yalikotoka. Anakuja kukuuliza wewe, si kifaa. Mtaalamu wa fizi anakutana na mgonjwa yuleyule kila miezi mitatu au minne, na nusu ya matibabu iko kwenye mkono wa mgonjwa nyumbani, kwenye mswaki wake na kwenye sigara ambayo hajaiacha. Kama huwezi kurudia ushauri uleule mara ya kumi kwa upole uleule wa mara ya kwanza, utaumia na utawaumiza wagonjwa.

Meno ya watoto watu huyachukulia kuwa tawi jepesi kwa kuwa ni meno 20 tu na yatang'oka yenyewe. Kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote. Mtoto aliyeshikwa kwa nguvu kwenye kiti leo ndiye mtu mzima atakayekuja kwetu akiwa na umri wa miaka 40, taya limevimba, kwa sababu aliogopa muda wote huo. Kosa lile huwa tayari limeondoka na mtoto, wala hutaliona. Na anayeingia afya ya jamii haoni mgonjwa kabisa. Anaona takwimu za meno yaliyooza, na huenda asubiri muongo mzima kujua kama mpango wake ulisaidia. Kuna watu ambao hilo ndilo linalowapa usingizi mzuri, na tunawahitaji mno.

Njia za kufika huko zinatofautiana kwa nchi. Uingereza, anayehitimu huko hupitia mwaka mmoja wa mafunzo ya msingi katika kliniki yenye msimamizi kabla ya kutibu chini ya huduma ya afya ya taifa kwa kujitegemea, na huwezi kujiita bingwa bila kuwa kwenye orodha ya mabingwa ya baraza la meno, ambayo ina matawi 13. Marekani mwaka wa ziada baada ya chuo kwa sehemu kubwa ni wa hiari, ila jimbo la New York linaudai kwa anayetaka leseni tangu 2007. Hospitalini mwaka huo unakukutanisha na wagonjwa wenye moyo dhaifu, kisukari na dawa za kuzuia damu kuganda, jambo ambalo kliniki ndogo haiwezi kukupa kwa wingi ule. Ubingwa wenyewe kwa kawaida ni miaka miwili hadi mitatu au zaidi. Upasuaji wa kinywa, taya na uso ni safari ndefu zaidi: Marekani ni miaka minne, au sita kwa programu zinazoambatana na shahada ya udaktari wa binadamu, na Uingereza huipati njia hiyo bila kuwa na shahada zote mbili. Ukitaka kwenda nchi nyingine, soma kanuni za baraza la huko kabla ya kulipa ada mahali popote. Nimewaona vijana wenye shahada nzuri ya uzamili isiyowapa haki ya kuitwa mabingwa kule walikotaka kufanya kazi.

Kuhusu kozi za siku mbili za kupandikiza meno, nitasema wazi kwa sababu nazibeba athari zake kwenye kiti changu. Kutoboa taya la plastiki hakufundishi kutambua mfupa usiofaa, wala la kufanya pale skrubu inapolegea baada ya mwaka. Kozi fupi humsaidia mwenye msingi. Kwa aliyehitimu juzi, humpa ujasiri kabla ya macho.

Wengi wananiuliza pia kama ni aibu kubaki daktari wa kawaida. Hapana, na swali lenyewe linanisikitisha. Daktari anayejua familia nzima, anayeona kidonda chini ya ulimi ambacho hakijapona kwa wiki tatu na kumpeleka mgonjwa akapimwe siku hiyohiyo, ameokoa zaidi ya jino. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki wengi wanakiruka bila hata kukikalia.

Basi unapotafuta kazi ya kwanza, mshahara ukiwa unatosha kuishi, usiishie hapo. Uliza kama wagonjwa watarudi kwako au watapewa yeyote aliye wazi. Uliza kama kuna mkubwa chumba cha jirani ambaye unaweza kumwita mkono ukiwa bado ndani ya glavu, na asikasirike. Uliza dakika ngapi unapewa kwa jino moja, maana mfereji nilioukosa mimi haukujificha kwa werevu wowote, ila nilikuwa na mgonjwa mwingine mlangoni.

Kisha nunua daftari. Andika kila kazi unayoitilia shaka: tarehe, jino, kilichokusumbua, bila jina la mgonjwa. Baada ya mwaka tafuta eksirei za ufuatiliaji uzilinganishe na ulichoandika. Katika mizizi ya meno hata mwaka ni mwanzo tu, kwani kuna vivuli vinavyochukua hadi miaka minne kufutika kwenye mfupa. Kurasa utakazojikuta unazirudia usiku, si kwa woga bali kwa kutaka kuelewa, ndizo nitakazotaka kuziona utakapokuja kuniuliza tena.