Anayenyamaza darasani si lazima awe hajui
Vyuoni hapa Moshi wengi huamini kuwa asiyenyoosha mkono kwenye kipindi cha kemia hana kichwa cha sayansi. Inaeleweka, mwalimu huwasikia wanaosema tu. Ila tafiti za tangu miaka ya 1970 zinaonyesha walimu wengi husubiri jibu kama sekunde 1 hivi. Wakisubiri 3 au zaidi, wanaojibu huongezeka na majibu hurefuka. Wengine wanaogopa kuchekwa, au (hili tunalijua sote) jibu lipo kwa Kiswahili, Kiingereza chake ndicho kinachotafutwa. Jaribu mwenyewe: uliza, hesabu kimoyomoyo hadi 5, waache wanong'onezane na jirani. Kisha pitia daftari la yule wa benchi la nyuma. Mlinganyo ambao hakuusema huenda kausawazisha barabara.